Dozi ndogo ya dawa ya tezi ya thairoidi: lini ipunguzwe, lini iongezwe

Ugonjwa wa Graves hutokea pale kinga ya mwili inapotengeneza kingamwili zinazoichochea tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, itoe homoni nyingi kupita kiasi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto halivumiliki, unakula vizuri lakini unakonda. Wengine huvimba shingo, na wengine macho hutokeza nje. Huwapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa bado katika umri wa kuzaa.

Dawa inayotumika sana ni kabimazoli. Kwenye boksi utaona imeandikwa carbimazole. Inaizuia tezi kutengeneza homoni. Wengi huanza na miligramu 15 hadi 40 kwa siku, kisha daktari hupunguza hatua kwa hatua. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kubaki na miligramu 5, au hata 2.5, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 5.

Hapo ndipo swali linapokuja: "Nesi, nusu kidonge kweli kinanisaidia nini? Si niache tu?"

Nusu kidonge bado ni dawa

Kwa kawaida matibabu ya vidonge huchukua miezi 12 hadi 18. Baada ya hapo wengine huacha na kubaki salama, lakini karibu nusu ya wanaoacha ugonjwa huwarudia. Kwa sababu hiyo wapo wanaoendelea na dozi ndogo kwa miaka mingi, na hiyo ni njia inayokubalika kitabibu. Ukijisikia mzima ukiwa kwenye dozi ndogo, huenda ni hiyo dozi inayokushikilia.

Kabla ya kukuachisha, daktari anaweza kupima kama zile kingamwili bado zipo kwenye damu. Zikiwa bado nyingi, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa. Na ukishaachishwa, endelea kupima damu, hasa katika mwaka wa kwanza.

Dozi inaamuliwa kwa kipimo cha damu

Vipimo vikuu ni viwili. T4 inaonyesha homoni iliyopo kwenye damu sasa. TSH ni ujumbe unaotoka kwenye ubongo kuiambia tezi ifanye kazi kiasi gani. T4 ikiwa juu, dozi huenda ikaongezwa. T4 ikishuka chini au TSH ikipanda juu ya kiwango, dawa imezidi na dozi hupunguzwa.

TSH huchelewa. Inaweza kubaki chini kwa wiki kadhaa hata miezi baada ya T4 kuwa sawa. Kwa hiyo usishtuke daktari akiona TSH iko chini na bado asikuongezee dawa.

Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu homoni iliyokwishatengenezwa huchukua muda kuisha mwilini. Ukipima baada ya wiki moja utapata jibu la dozi ya zamani. Hali ikitulia, vipimo huwa kila baada ya miezi michache.

Usijipunguzie wala kujiongezea

Moyo unaweza kwenda mbio kwa sababu ya upungufu wa damu, wasiwasi au kukosa usingizi. Uchovu unaweza kutokana na kulea mtoto mchanga. Ukibadilisha dozi kwa kukisia, unaweza kuutibu ugonjwa usiokuwa nao. Nenda upime mapema ukiona haya:

- Homoni zimezidi: mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka, jasho jingi, kukonda, kuharisha.
- Dawa imezidi: kuhisi baridi wakati wenzako wanahisi joto, usingizi mwingi, kuongezeka uzito, choo kigumu, hedhi nzito, shingo kuongezeka uvimbe.

Ukisahau dozi, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Usimeze mbili kesho yake ili kufidia. Na kama unatumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha, mwambie mhudumu kabla ya kutolewa damu, kwani vinaweza kupotosha majibu.

Homa na koo kuuma: usisubiri

Hili naomba kila anayemtunza mgonjwa alijue. Kwa watu wachache, dawa hizi hushusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi 3 ya kwanza, lakini inaweza kutokea wakati wowote, hata kwenye dozi ndogo.

Kwetu homa ikipanda tunafikiria malaria, na koo likiuma tunanunua dawa duka la dawa. Kwa mtu anayemeza kabimazoli, hiyo haitoshi. Akipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, asimeze dozi inayofuata na aende siku hiyohiyo kituo kinachoweza kupima picha nzima ya damu. Kipimo cha malaria kifanyike pia, lakini hata kikionyesha malaria, chembe nyeupe bado zipimwe. Mkifika tu semeni: "Anatumia dawa ya tezi." Bebeni na boksi lake.

Nenda haraka pia macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au tumbo likiuma sana upande wa juu kulia. Ini linaweza kuwa limeathirika.

Homa kali pamoja na moyo kwenda mbio sana, kutapika na kuchanganyikiwa ni dharura. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Mimba na kunyonyesha

Kabimazoli inaweza kudhuru mtoto anayeumbwa katika wiki za mwanzo za mimba. Kama unapanga kubeba mimba, mwambie daktari kabla. Hedhi ikichelewa, pima mimba na uende kliniki mara moja. Usiache dawa kimyakimya, kwa sababu homoni zikizidi nazo huhatarisha mimba. Daktari anaweza kukubadilishia dawa, ambayo mara nyingi huwa PTU, au kukuachisha kwa uangalizi kama dozi ilikuwa ndogo sana na vipimo vimetulia. Mkunga naye ajue, maana kingamwili zinaweza kumfikia mtoto tumboni.

Ukijifungua, dozi ndogo kwa kawaida hairuhusu dawa nyingi kupita kwenye maziwa, hivyo wengi huendelea kunyonyesha. Meza mara tu baada ya kunyonyesha, na umjulishe anayemfuatilia mtoto.

Daftari dogo

Weka daftari la kliniki. Kila ukienda, andika tarehe, dozi uliyopewa, majibu ya T4 na TSH, na tarehe ya kurudi. Ukihamia mkoa mwingine au ukikutana na daktari mgeni, ataona dozi imetoka wapi, na hatalazimika kuanza kukisia.