Habari za Rais Kennedy: Zilizosemwa na Zilizohifadhiwa

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi walimu hupenda kuwakumbusha watoto methali hiyo tunapowafundisha hesabu, lakini leo nataka kuwaonyesha wasomaji ya kuwa yafaa pia katika mafundisho ya historia. Maana habari za watu ni mali, nazo zikikosa daftari hupotea. Au, lililo baya zaidi, hubaki lakini zimegeuka.

Siku moja nyuki waliingia darasani mwangu, watoto wakatoka mbio, wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha. Kesho yake nilimwambia kila mtoto aandike yale aliyoyaona. Muhula uliofuata niliwaambia waandike tena habari ile ile, bila kuwarudishia karatasi zao za kwanza. Nilipozilinganisha nilistaajabu. Mtoto mmoja, ambaye katika karatasi ya kwanza alikiri ya kuwa alikuwa wa kwanza kutoka nje, sasa aliandika ya kuwa alibaki nyuma kuwasaidia wadogo. Wala sidhani alikusudia kusema uongo. Mwenyewe aliamini hivyo. Kama nisingalikuwa na karatasi ile ya kwanza, nami ningaliamini.

Jambo hilo dogo lilinikumbusha jambo kubwa lililoihusu dunia nzima, nalo limo katika habari za John F. Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu Januari 1961 hata alipouawa tarehe 22 Novemba 1963.

Kwanza imetupasa kujua jinsi Wamarekani wanavyohifadhi habari za marais wao. Hapo zamani rais alipomaliza kazi yake alizichukua karatasi zake akaenda nazo kwake, kana kwamba ni vyombo vya nyumbani. Nyingine zilitunzwa vema, nyingine zilitawanyika kwa warithi, na nyingine zilitiwa moto. Rais Franklin D. Roosevelt ndiye aliyeanzisha desturi mpya. Mwaka 1939 alitoa sehemu ya ardhi yake huko Hyde Park, katika jimbo la New York, ili ijengwe maktaba ya kuwekea karatasi zake kwa faida ya taifa, na mwaka 1941 maktaba hiyo ilifunguliwa. Mwaka 1955 ikatungwa sheria ya maktaba za namna hiyo. Walakini karatasi zenyewe ziliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya rais, hata ikatokea mashaka ya Rais Richard Nixon na kanda zake za sauti. Baada ya hayo, mwaka 1978, ilitungwa sheria nyingine isemayo ya kuwa kumbukumbu za kazi ya rais ni mali ya taifa, nayo ikaanza kutumika kwa kumbukumbu za tangu Januari 1981.

Maktaba ya Kennedy ipo katika mji wa Boston, kando ya bahari, nayo ilifunguliwa Oktoba 1979. Ndani yake mna hazina za namna tatu. Ya kwanza ni karatasi: barua, taarifa za mabalozi, na maandiko ya mashauri. Ya pili ni masimulizi. Tangu mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Rais kufa, walitumwa watu kwenda kuwauliza mawaziri wake, washauri, rafiki, na watumishi, ili kila mmoja aeleze aliyoyaona. Na masimulizi yaliyokusanywa ni zaidi ya 1,600. Ya tatu ni kanda za sauti. Katikati ya mwaka 1962 Kennedy aliamuru vinasa sauti vitiwe kwa siri katika ofisi yake na katika chumba cha mawaziri, naye mwenyewe alikuwa na kitufe cha kuviwasha na kuvizima. Watu wachache sana walijua. Mawaziri waliketi wakashauriana, na maneno yao yote yakinaswa, wala hawana habari. Ulimwengu ulikuja kujua mwezi wa Julai 1973, zilipofichuka kanda za Nixon. Ndipo watu wa maktaba walipokiri ya kuwa na za Kennedy zipo.

Sasa na tutazame siku kumi na tatu za mwezi wa Oktoba 1962. Tarehe 16 Rais alionyeshwa picha zilizopigwa na ndege kutoka juu sana, zikionyesha ya kuwa Warusi wanajenga vituo vya makombora katika kisiwa cha Cuba, karibu na pwani ya Marekani. Makombora hayo yaliweza kuchukua mabomu ya atomiki. Tarehe 22 Rais alilitangazia taifa ya kuwa manowari zitazuia meli zinazochukua silaha kwenda Cuba. Watu wa nchi nyingi walilala kwa hofu. Tarehe 26 mkuu wa Urusi, Nikita Khrushchev, aliandika ya kuwa anaweza kuyaondoa makombora kama Marekani itaahidi kutoishambulia Cuba. Kesho yake akaongeza sharti la pili: Wamarekani nao waondoe makombora yao yaliyokuwa Uturuki, mlangoni pa Urusi. Siku hiyo hiyo ndege ya Marekani iliangushwa juu ya Cuba, na rubani akafa. Vita vilikuwa karibu kama maji ya mtungi uliojaa hata ukingoni. Lakini tarehe 28 Khrushchev alitangaza ya kuwa atayaondoa makombora yake.

Watu wakauliza: Ameshindwaje Mrusi? Jibu walilopewa ni hili: Kennedy alisimama imara, hakutoa kitu ila ahadi ya kutoishambulia Cuba, na adui akarudi nyuma. Ndivyo walivyosimulia washauri wake, na ndivyo magazeti yalivyoandika. Nduguye Rais, Robert Kennedy, aliandika kitabu cha siku zile, nacho kikachapwa mwaka 1969, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuuawa mwaka uliotangulia. Katika kitabu hicho anaonekana kuwa miongoni mwa wale waliopinga vita tangu mwanzo.

Miaka ikapita, na kanda zikaanza kufunguliwa, kidogo kidogo, hata nyingi zikatolewa katika miaka ya 1990. Mtaalamu mmoja wa historia aliyefanya kazi katika maktaba ile, Sheldon Stern, alizisikiliza kwa miaka mingi. Alilolikuta ni kama lile la karatasi za nyuki. Katika kanda ya siku ya kwanza, Robert Kennedy anasikika akiuliza kama haiwezekani kupatikana kisa cha kuingia vitani, na mara nyingi katika siku zilizofuata alisema kwa ukali. Mtu ambaye sauti yake inasikika mara kwa mara ikitafuta njia ya kuepuka vita ni Rais mwenyewe. Tarehe 27, washauri wake karibu wote walipokataa shauri la kubadilishana makombora ya Uturuki na ya Cuba, yeye aliwaambia ya kuwa watu wengi duniani wataliona shauri hilo kuwa la haki, na ya kuwa itakuwa vigumu kueleza kwa nini wamekwenda vitani kwa ajili ya kulikataa.

Je, alilikataa? Hapana. Jioni ya siku hiyo watu wachache waliitwa katika ofisi yake. Baada ya hapo Robert Kennedy alikutana na Balozi wa Urusi, Anatoly Dobrynin, akamwambia ya kuwa makombora ya Uturuki yataondolewa katika muda wa miezi minne au mitano, ila jambo hilo lisitangazwe. Na kweli, kufika Aprili 1963 makombora yale 15 yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Mazungumzo ya wawili hao hayakunaswa na kanda yo yote. Lakini Dobrynin alipeleka taarifa Moscow usiku ule ule, nayo ilihifadhiwa, na katika miaka ya 1990 ikasomwa na watu wote.

Labda msomaji atauliza: Kwa nini kitabu cha Robert Kennedy hakikusema hivyo waziwazi? Jibu lilitoka kinywani mwa Theodore Sorensen, aliyekuwa mshauri wa Rais, naye ndiye aliyekitengeneza kitabu kile kabla ya kuchapwa. Mwaka 1989, katika mkutano uliofanyika Moscow, mbele ya Warusi waliohusika, alikiri ya kuwa maandiko ya Robert Kennedy yalieleza wazi makubaliano ya Uturuki, naye aliyafuta kwa kuwa bado yalikuwa siri. Muda wa miaka 20 dunia ilisoma habari iliyokatwa kwa makasi.

Wengine watasema, "Makombora yaliondoka, vita havikuwa, basi habari iliyokatwa imemdhuru nani?" Mimi naona imedhuru sana. Viongozi na wanafunzi walioisoma habari ile walijifunza ya kuwa mwenye nguvu akikaza uso tu, adui hukimbia. Lyndon Johnson, aliyekuwa makamu wa Rais kisha akawa Rais, hakuwamo katika chumba kile jioni ya tarehe 27. Mtu wa namna hiyo atajifunzaje hekima ya kupatana, naye ameonyeshwa ushindi na kufichwa bei yake? Historia iliyopunguzwa ni kama dawa iliyofutwa kipimo chake chupani. Anayeinywa hana kosa, lakini huweza kufa.

Hata hivyo nisieleweke kana kwamba nadharau masimulizi ya mdomo na kutukuza mashine. Kanda nazo zina upungufu wake, maana Rais ndiye aliyeshika kitufe, na mtu ajuaye ya kuwa ananaswa huweza kuchagua maneno. Tena yako mambo ambayo hakuna karatasi wala kanda ya serikali iliyoyaandika. Mwaka 1964 mjane wa Rais, Bibi Jacqueline Kennedy, alizungumza mara nyingi na mwanahistoria Arthur Schlesinger, na mazungumzo hayo yakafungiwa hata yalipotolewa na binti yake mwaka 2011. Humo alisimulia jinsi alivyomsihi mumewe, katika siku zile za makombora, asimpeleke mbali. Alitaka kubaki naye, na kama ni kufa, wafe pamoja, wao na watoto wao. Ni karatasi gani ya wizara ingetuambia hayo? Kwa neno hilo twajua ya kuwa waliokuwamo ndani ya nyumba ile waliogopa kama sisi sote.

Habari za urais huo zinatugusa hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Tom Mboya wa Kenya ni mmoja wa walioulizwa, na masimulizi yake yamo katika maktaba ile. Katika Julai 1960, Kennedy akiwa bado anagombea urais, Mboya alimwendea kuomba msaada wa nauli za wanafunzi waliotaka kwenda kusoma Marekani, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mwaka 2007 Barack Obama, akigombea urais naye, alisema katika mji wa Selma ya kuwa msaada wa akina Kennedy ndio uliomleta baba yake Marekani. Lakini baba yake alifika Hawaii mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya msaada ule, na mwaka 2008 wasemaji wake walikiri kosa. Hapana haja ya kumwita mtu mwongo. Mambo mawili yalikaribiana, na kumbukumbu ikayashona pamoja. Tarehe mbili zilizoandikwa zilitosha kuufumua mshono huo.

Basi, ndugu zangu walimu, tufanye nini? Katika vijiji vyetu wako wazee wanaokumbuka shule ilivyojengwa, njaa ilivyokuja, na ardhi ilivyogawanywa. Tuwaendee kwa heshima kabla hawajatuaga. Tuandike jina la msemaji, siku, na mahali. Tuandike kama alivyosema, si kama tunavyopenda iwe. Kisha tutafute daftari la shule, barua ya zamani, au hati ya shamba, tuone kama vinapatana. Visipopatana tusitupe hata kimoja, maana katika kutopatana kwao ndimo mnamo fundisho.

Yule mtoto wa nyuki nilimwita nikamwonyesha karatasi zake mbili. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, zote mbili ni mwandiko wangu." Nilimjibu ya kuwa ndivyo, na kwa sababu hiyo ninazitunza zote. Zimo sandukuni hata leo.