Ada ya Chandarua: Malaria na Majira katika Unguja na Pemba

Mwaka wa Unguja na Pemba huenda kwa majira ayajuayo kila mkulima na kila mvuvi. Kaskazi huleta joto na ukavu. Masika huanza Machi na kumwaga mvua mpaka Mei. Kipupwe hufuata na baridi yake. Kisha vuli hurudisha mvua kati ya Oktoba na Desemba. Malaria nayo ilishika mwendo huo huo. Mvua zikituama katika mashimo, mabonde ya mpunga na nyayo za ng'ombe, mbu aitwaye anofelesi hutaga mayai, na majuma machache baadaye homa huzidi majumbani. Kujikinga na adui wa namna hii kulidai ada ya mwaka mzima. Historia ya visiwa hivyo tangu mwaka 1957 yaonyesha jinsi ada hiyo ilivyojengwa, ilivyoachwa, na ilivyojengwa tena kwa taabu.

Kwamba mbu ana sehemu katika malaria lilidhihirika mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu vya maradhi hayo ndani ya mbu huko India. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alitambua nguvu ya DDT ya kuua wadudu. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani likatangaza azma ya kuifuta malaria, na toka mwaka 1957 Unguja na Pemba zikaingia katika kazi hiyo. Njia yake ni nyepesi kueleza. Mbu jike akisha kunyonya damu usiku hupumzika ukutani. Ukuta uliopigwa dawa humwua kabla vijidudu havijakomaa ndani yake, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 10 au zaidi. Kwa kuwa dawa hufifia, wapiga dawa hawakuwa na budi kurudi nyumba kwa nyumba, mjini na shamba. Kazi ilianza kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaendelea baada yake. Ilipofika mwaka 1968, waliokutwa na vijidudu damuni walikuwa pungufu ya watu 10 katika kila 100, hali hapo kwanza maradhi hayo yalikuwa ya kila nyumba.

Mwaka huo huo kazi ilikomeshwa. Mbu walikuwapo bado, na mvua za masika hazikungoja. Kabla ya miaka 10 kwisha malaria ilikuwa imekwisha kurudi kwa wingi. Tena ilirudi kwa watu wasiofanana na wale wa kwanza. Mtu akulie penye malaria hupata kinga ya kiasi kwa kuugua mara nyingi, na kinga hiyo hupungua mashambulio yakikatika. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na umri wa miaka 8 dawa ilipokoma: hakuwa na kinga waliyokuwa nayo wazee wake katika umri wake, wala hakuwa tena na ukuta wa kumlinda. Kazi ilipojaribiwa upya katika miaka ya 1980, mbu walikuwa wamekwisha kuizoea DDT. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa hata ukuta haukufaa tena.

Juhudi ya tatu ilianza mwaka 2003 kwa dawa mseto za kutibu, badala ya klorokwini iliyokuwa imeshindwa. Miaka miwili mitatu baadaye vilifuata vyandarua vyenye dawa, vilivyotolewa kwanza kwa watoto wadogo na wanawake wajawazito, pamoja na kupiga dawa nyumba upya. Baada ya muda mfupi malaria ilishuka hata ikawa kiasi cha mtu 1 katika kila 100, au pungufu. Lakini chandarua kina sharti lake. Dawa ya ukutani ilipigwa na mtumishi wa serikali. Chandarua hushushwa na wenye nyumba, kila usiku, wenyewe.

Hapo ndipo majira na umri huijaribu ada. Wakati wa kaskazi watu hulalamikia joto. Katika kipupwe mbu ni wachache, na chandarua huonekana hakina kazi, ingawa vijidudu vyaweza kukaa damuni kwa miezi mingi vikingoja mvua. Mtoto mchanga hulala na mama yake chini ya chandarua kimoja, na mama mjamzito huusiwa kliniki. Afikapo umri wa kwenda shule, mtoto huhamia kitanda kingine, mara nyingi pamoja na ndugu zake, na mara nyingi kitanda hicho hakina chandarua. Katika nchi nyingi za Afrika imeonekana kwamba watoto wa umri huo ndio wasiolala sana chini ya vyandarua, nao huweza kubeba vijidudu bila kuugua. Zaidi ya hayo, mbu wengine siku hizi huuma nje na mapema, saa ambayo wazee wangali barazani wakizungumza. Ada isiyobadilika adui abadilikapo haitoshi.

Uamuzi wa mwaka 1968 ulifanya hesabu ndogo kuwa mwisho wa shughuli, na kumbe hesabu ile ilikuwa ndogo kwa sababu shughuli ilikuwa ikiendelea. Vyombo vingali vikivuka kila siku kati ya visiwa na bara, na wasafiri huja na vijidudu wasivyovijua. Masika nayo yangali yakija. Mama anayemtandikia mwanawe kitanda chake cha kwanza, akatundika chandarua juu yake katika kipupwe ambapo mlio wa mbu hausikiki, anaendeleza kazi iliyoachwa mwaka ule.