Malipo ya Elimu ya Bahari: Kutoka Tongoni ya 1498 Hadi Tuzo za Watafiti Vijana

Tongoni iko kusini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 17. Jina lenyewe ni historia, kwa kuwa tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakahamwa. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo zilizosimama na mengine nguzo zake zimeanguka. Wageni waendao kuyatazama huuliza ni nani waliojenga, na swali hilo limekwisha kuandikiwa mengi. Insha hii yauliza jingine. Watu wa pwani hii waliijua bahari, pepo zake na majira yake. Je, elimu hiyo ilithaminiwa kwa kipimo gani, na ni nani aliyelipwa kwa ajili yake?

Swali hili halikuisha na watu wa kale. Katika miaka hii yetu iko mifuko itoayo tuzo kwa watafiti vijana, ili wachunguze hatari ziletwazo na mabadiliko ya tabianchi na njia za kuzistahimili. Ni jambo jema. Lakini kila jambo jema lina wazazi wake, na asiyewajua wazazi hawezi kujua mtoto atarithi nini.

Tuanze na mwaka wa 1498. Katika mwezi wa Aprili, merikebu ya São Rafael, moja katika msafara wa Vasco da Gama, ilipanda fungu mbele ya pwani ya Mtang'ata kabla ya mapambazuko. Maji yalipokupwa ikakaa pakavu. Yalipojaa ikaelea, na mabaharia wakashangilia. Mmoja wao aliandika habari za safari hiyo. Asema kwamba vyombo viwili viliwaendea kutoka pwani, kimoja kikiwa na machungwa mazuri kuliko ya Ureno, na kwamba watu wawili wa pwani walibaki merikebuni wakafuatana nao mpaka Mombasa. Mwezi wa Januari 1499, katika kurejea kutoka India, Wareno walitia nanga mahali pale pale wakaitia moto São Rafael, maana wengi wao walikuwa wamekwisha kufa na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Mafungu yale wakayapa jina la merikebu yao.

Hapa lipo funzo la kwanza. Aliyekwama katika fungu ndiye aliyeacha jina lake juu ya fungu. Wale wawili waliopanda merikebuni hawakutajwa majina. Bila shaka wavuvi wa Mtang'ata walikuwa wakijua saa ya kupwa na saa ya kujaa, tofauti ya bamvua na maji mafu, na mahali mwamba unapojificha. Kama wasingalijua, wasingaliishi. Elimu yao ilikuwa kamili kwa kazi yao, lakini ilikaa vichwani, na kichwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Mtu aweza kusema kwamba elimu ya vichwani hupokezwa kutoka kwa baba hadi mwana, wala haihitaji karatasi. Ni kweli kwa mambo yajayo kila siku au kila mwaka. Kaskazi na kusi hurudi, masika na vuli hurudi, na mtoto hujifunza kwa kuona. Lakini ziko hatari zisizorudi upesi. Katika Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, huku Pemba ikisalimika. Jambo hilo liligeuza kilimo cha visiwa vyote viwili, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Katika Aprili 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi. Katika Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni miaka 80, na kutoka ya pili hadi ya tatu ni miaka 72. Mtu aweza kuzaliwa, kuoa, kuona wajukuu na kufa katikati ya tufani mbili kama hizo. Kwa hatari ya namna hii kumbukumbu ya ukoo haitoshi. Yatakiwa kumbukumbu ya maandishi, na mtu alipwaye kuitunza.

Sasa tutazame ni elimu ipi iliyolipiwa. Katika mwaka wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mashamba makubwa ya Tanga yakaota. Katika mwaka wa 1902 Wadachi walianzisha taasisi ya elimu ya mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara, ikawa na sifa kubwa katika Afrika nzima. Waingereza waliirithi baada ya vita ya kwanza ya dunia, na mwaka wa 1929 wakaanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Hatuwezi kuidharau kazi hiyo, kwa sababu vipimo vya mvua vya siku zile vyatumika hata leo. Lakini nia yake ilikuwa dhahiri: kujua ni zao gani litakalosafirishwa, na mvua gani italilisha. Mwenyeji wa Tanga aliingia katika elimu hiyo kwa jembe na panga, wala si kwa kalamu.

Hata zawadi iliyotangazwa wazi kwa wavuvi ilikuwa na kasoro yake. Baada ya samaki wa kale aitwaye silikanti kuonekana Afrika ya Kusini katika mwaka wa 1938, mtaalamu J. L. B. Smith alitangaza kwamba atakayempata wa pili atapewa paundi 100. Karatasi ya tangazo ilisambazwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Kiswahili, lugha ya wavuvi wenyewe, hakikuwamo. Samaki wa pili alipatikana mwezi wa Desemba 1952 kwa mvuvi wa Nzwani, katika Komoro. Zawadi ile ilinunua samaki. Haikununua elimu ya mvuvi. Tangu mwaka wa 2003 silikanti wamenaswa mara nyingi katika maji ya Tanga, hata mwaka wa 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tujiulize: kama mvuvi angaliulizwa maswali badala ya kuahidiwa bei, je, habari za samaki huyo zingalichelewa kiasi hicho?

Jambo la Maziwe laonyesha hasara ya kuchelewa kuuliza. Maziwe kilikuwa kisiwa kidogo mbele ya Pangani, chenye miti ya mvinje, na kasa walikipenda kwa kutaga mayai. Kilitangazwa kuwa hifadhi katika mwaka wa 1975. Kabla ya muda mrefu kupita miti ilikwisha, mchanga ukachukuliwa na mawimbi, na leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Watafiti waliofika baadaye walitaja sababu nyingi: kukatwa kwa miti, kuharibika kwa mwamba ulioizuia bahari, na mabadiliko ya mikondo na ya kina cha maji. Lakini kupima kisiwa kilichokwisha kuzama ni kama kumpima maiti joto. Laiti angalikuwako kijana mmoja aliyelipwa kupima ufuko ule kila mwaka tangu miaka ya 1960, leo tungalijua sababu iliyokuwa kubwa, na visiwa vingine vingalifaidika.

Kwa kufikiri hivyo ndipo twaweza kuzithamini tuzo za siku hizi. Katika mwaka wa 1993 kiliundwa chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, WIOMSA, chenye makao yake Zanzibar. Chama hiki hutoa ruzuku kubwa kwa vikundi vya watafiti, na ruzuku ndogo kwa vijana waanzao kazi. Kuanzia mwaka wa 2008 ulikuwako mpango wa Afrika wa tuzo za tabianchi, ambao Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Katika mwaka wa 2014 ukaja mpango ulioitwa CIRCLE, chini ya Chuo cha Sayansi cha Afrika kilichoko Nairobi na jumuiya ya vyuo vikuu vya Jumuiya ya Madola. Watafiti wapatao 100 walipewa mwaka mmoja wa kufanya kazi katika chuo kingine cha Afrika. Kijana aliyezaliwa hapa, mwenye lugha ya hapa, amelipwa kuuliza swali lake mwenyewe. Ukilinganisha na siku za Amani, hilo ni badiliko kubwa.

Hata hivyo yabaki mambo mawili ya kutia shaka.

La kwanza ni muda. Tuzo nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, na bahari haina kalenda ya namna hiyo. Kwa hesabu ya jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, kina cha bahari duniani kiliongezeka kwa sentimita 20 hivi baina ya 1901 na 2018, na katika miaka ya mwisho ya muda huo kiliongezeka kwa milimita zipatazo 3.7 kila mwaka. Milimita 3.7 haionekani kwa jicho katika bamvua moja, wala haithibitiki kwa mwaka mmoja wa kupima. Huthibitika kwa mtu au ofisi ikaayo mahali pamoja miaka mingi, kama kile kipimo cha Zanzibar kilichoanza kuandika maji mwaka wa 1984.

La pili ni mfuko. Fedha za mipango hii zilitoka kwa wingi Sweden, Kanada na Uingereza. Mwenye mfuko ana haki ya kuufunga. Katika mwaka wa 2021 Uingereza ilipunguza msaada wake kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake, na tafiti nyingi zikakatizwa njiani. Sisi tuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1986. Tukiitegemea kwa maneno tu, huku kijana akisubiri barua kutoka ng'ambo, tutakuwa tumejenga nyumba juu ya mchanga wa Maziwe.

Yafaa basi tuzo ya mtafiti kijana ipimwe kwa maswali matatu. Je, vipimo vyake vitawekwa mahali ambapo mwingine ataviendeleza? Je, majibu yake yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya kamati ya uvuvi na walinzi wa mikoko? Je, mzee wa kijiji aliyemwonyesha mahali pa zamani pa maji makuu ameandikwa jina lake, ikiwa ameridhia? Tuzo ikishindwa katika haya, itamfaa kijana kupata shahada, na hilo si dogo; lakini pwani itabaki kama ilivyokuwa.

Magofu ya Tongoni yako karibu na bahari, na kati yake na mawimbi ngome ni mikoko. Mikoko hiyo ikipungua au ikizidi, ni lazima awepo wa kujua kwa hesabu, mwaka hata mwaka, na alipwe kwa kujua kwake. Waliolala chini ya nguzo zile walituachia ujenzi bila maandishi ya bahari yao. Waliokuja kwa merikebu waliacha maandishi wasiyoyaelewa vema. Kizazi hiki ni cha kwanza chenye uwezo wa kuacha vyote viwili, elimu ya mwenyeji na kalamu ya mwenyeji. Kisipoacha, hakitakuwa na udhuru.