Haidrojeni, Nyota na Tasnifu ya Cecilia Payne
Atomu ya haidrojeni ina protoni 1 na elektroni 1. Mistari yake ionekanayo katika spektra ya Jua hutokana na elektroni iliyokwisha kupanda ngazi ya pili, hali ambayo atomu chache mno huifikia katika joto la kelvini 6000 hivi. Kwa kutumia mlinganyo wa Saha, Payne alibaini katika tasnifu yake ya uzamivu (1925) kwamba haidrojeni huzidi metali nyotani takribani mara milioni. Henry Norris Russell alipinga. Payne akaandika kuwa matokeo hayo yaelekea si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia hitimisho lilo hilo. Kosa, basi, halikuwa katika hesabu ya mwanafunzi, bali katika dhana iliyotangulia kwamba Jua na Dunia vina mchanganyiko mmoja.