Jiji Lililoamua Kuhesabu Madimbwi Yake

Imepita zaidi ya miaka ishirini tangu Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ianzishe, mwaka 2004, mpango wake wa kudhibiti malaria mijini. Ziliteuliwa kata 15, tano kutoka kila manispaa ya wakati ule: Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakazi wa kata hizo walizidi 600,000.

Vita yenyewe ilikuwa kongwe. Robert Koch alichunguza malaria Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia 1901 Wajerumani wakawa wanapima watu damu na kuwagawia kwinini. Waingereza walichimba mitaro. Kati ya 1988 na 1996 fedha za Japani zilizibua mitaro hiyo na kugharamia upuliziaji. Ufadhili ulipokoma, taka zikarudi mtaroni. Kila awamu ilikuwa na mwenyewe, naye alipoondoka aliondoka na kazi yake.

Safari hii kazi walipewa wakazi wa mitaa. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, lililopangwa kwa mashina ya nyumba kumi (kumi kwa jina tu, maana Dar shina moja huweza kuwa na nyumba mia). Waliingia vichochoroni na picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora juu yake mpaka wa kila kiwanja. Kisha wakaanza kuzunguka, kila wiki.

Mazalia yako mahali ambapo mgeni hapatilii maanani: maji kati ya matuta ya bustani za mabondeni, alama za magurudumu, mtaro uliozibwa na mifuko. Mkaguzi huchota maji kwa chombo cheupe chenye mkono mrefu, akasubiri yatulie. Kiluilui kilicholala sambamba na uso wa maji ni cha anofelesi, mbu wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha kuleksi, anayetujazia kelele usiku bila kuleta malaria.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa maoni yangu. Mbu wengi wa Dar ni kuleksi, na mwananchi huipima kazi ya bwana afya kwa kelele za sikioni. Basi vyoo vya shimo na makaro, wanakozaliana kuleksi, navyo vikatiwa dawa kila miezi mitatu, huku madimbwi ya wazi yakitiwa kila wiki dawa ya bakteria inayoua viluilui bila kudhuru samaki wala watu.

Unyunyizaji ulianza Machi 2006 Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na kufikia 2008 ulikuwa umeenea kata zote 15. Uchambuzi wa watafiti uliotolewa 2013 ulionyesha uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea ukipungua kwa takriban asilimia 21 palipopitiwa na dawa. Wahakiki pia walikuta madimbwi yaliyorukwa, mengine yakiwa ndani ya nyua zenye uzio. Geti lililofungwa halimzuii mbu, lakini mkaguzi mwenye posho ndogo hugeuka.

Mwaka 2015 kiwanda cha dawa hiyo ya viluilui, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, kilizinduliwa Kibaha, na 2017 Rais Magufuli akaziagiza halmashauri zikanunue dawa huko. Sasa dawa iko jirani. Linalobaki kwa kila halmashauri ni kutenga fungu la kumlipa mtu wa kuzunguka nayo.