Senta bora wa kikapu wa nyakati zote ni nani? Kutoka Mikan hadi Jokić, na nafasi ya Hasheem Thabeet wetu

Kila tunapogusa mpira wa kikapu katika kipindi cha michezo, ubishi ni uleule. Wenye umri mkubwa wanamtaja Kareem Abdul-Jabbar au Hakeem Olajuwon, vijana wa Ngaramtoni na Usa River wanasema hakuna kama Shaquille O'Neal, na wadogo kabisa wanamtaka Nikola Jokić. Kisha anatokea mmoja na kuuliza, "Na Hasheem wetu mnamweka wapi?" Hapo kicheko kinafuata.

Makala haya tumeyaandika ili ubishi huo uwe na mizani. Tutaeleza kazi ya senta, sheria zilizobadilika, nani alifanya nini katika zama zake, na kwa nini tunaona kicheko juu ya Hasheem hakina haki. Mwishoni tutatoa uamuzi wetu, nanyi mtatukosoa.

Senta ni nani?

Timu ya kikapu ina wachezaji watano uwanjani. Senta, ambaye wachezaji humwita "namba tano", mara nyingi ndiye mrefu kuliko wenzake na anacheza karibu na ringi. Ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, na urefu huo ni uleule katika uwanja wa shule hapa Arusha na katika ukumbi wa Ligi ya NBA, Marekani.

Senta ana kazi nne kubwa. Kwanza, kufunga akiwa karibu na ringi. Pili, kudaka mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, yaani ribaundi. Tatu, kuzuia mitupo ya wapinzani, yaani bloku. Nne, kuweka mwili wake kama ukuta ili mwenzake apate nafasi ya kutupa. Kazi hii ya nne haiandikwi kwenye takwimu, na kwenye vipande vifupi vya video tunavyotumiana kwa simu haionekani kabisa. Ndiyo sababu mtu anayemjua senta kwa video za kudanki tu hajamjua bado.

Kwa nini kulinganisha zama ni kazi ngumu

Mkulima wa mahindi hawezi kulinganisha magunia ya mwaka wa mvua na ya mwaka wa ukame bila kutaja mvua. Kwenye kikapu, mvua yetu ni sheria na mwendo wa mchezo.

Masenta ndio waliosababisha sheria nyingi kubadilishwa. Mwaka 1944 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuugusa mpira unaposhuka kuelekea kwenye ringi, kwa sababu vijana warefu kama George Mikan na Bob Kurland walikuwa wanausukuma tu nje. Mwaka 1951 NBA ilipanua eneo lililo chini ya ringi, ambako mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kutoka futi 6 hadi futi 12. Sababu ilikuwa Mikan huyohuyo. Mwaka 1964 eneo hilo likapanuliwa tena hadi futi 16, safari hii kwa ajili ya Wilt Chamberlain. Mwaka 1967 vyuo vikapiga marufuku kudanki, wakati kijana Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, akiwa chuoni. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976.

Halafu kuna mambo mawili yaliyogeuza hesabu. Saa ya sekunde 24 iliingia mwaka 1954 na kuufanya mchezo kuwa wa kasi. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979–80, na taratibu ukawavuta hata masenta kutoka chini ya ringi.

Zama kwa zama

*George Mikan.* Alikuwa na mita 2.08 na miwani usoni. Akiwa na Minneapolis Lakers alichukua ubingwa mara tano kati ya 1949 na 1954. Kabla yake, watu warefu walidhaniwa kuwa wazito na wasiofaa kwa michezo. Yeye ndiye aliyebadilisha mawazo hayo.

*Bill Russell na Wilt Chamberlain.* Huu ndio ubishi mama. Russell alicheza misimu 13 na Boston Celtics, kuanzia 1956 hadi 1969, akabeba ubingwa mara 11. Mara mbili za mwisho alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Hakuwa mfungaji mkubwa. Silaha yake ilikuwa ulinzi. Alipozuia mpira hakuupiga kwenda kwa watazamaji, aliuelekeza kwa wenzake ili waanze shambulizi.

Chamberlain, mwenye mita 2.16, ndiye mwenye namba za kutisha. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Msimu huo alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Anashikilia pia rekodi ya ribaundi 55 katika mchezo mmoja. Lakini ubingwa alipata mara mbili tu, 1967 na 1972, na timu zake zilikutana na Celtics ya Russell katika mfululizo wa mtoano mara 8 zikashinda mara moja.

Hapa ndipo tunapokumbuka mvua. Msimu wa 1961–62 NBA ilikuwa na timu 9, na kila timu ilitupa zaidi ya mara 100 kwa mchezo. Leo kuna timu 30, na mitupo ni takribani 90. Mitupo mingi maana yake ni pointi nyingi, na pia mikosi mingi ya kudaka. Hilo halimwondolei Chamberlain ukubwa wake, kwa sababu wenzake walicheza kwa sheria zilezile na hakuna aliyemkaribia. Upande wa Russell nao una pengo: NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973–74, miaka minne baada ya yeye kustaafu. Kazi yake kubwa kuliko zote haimo kwenye vitabu.

*Kareem Abdul-Jabbar.* Mita 2.18, misimu 20 (1969 hadi 1989), ubingwa mara 6, na tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara 6, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Alifunga pointi 38,387. Rekodi hiyo ilisimama hadi Februari 2023, LeBron James alipoipita. Silaha yake ilikuwa skaihuku: anageuka ubavu, ananyoosha mkono mmoja juu kabisa na kuuachia mpira huko. Mwili wake ulikuwa katikati ya mpira na mlinzi, kwa hiyo wachache sana waliweza kuufikia.

*Hakeem Olajuwon na Dikembe Mutombo.* Hapa Afrika inaingia kwa kishindo. Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, akacheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye soka kabla ya kukutana na kikapu akiwa kijana. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu. Aliiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa 1994 na 1995. Mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali, yote kwa mpigo. Bloku zake 3,830 ni rekodi hadi leo. Miguu yake ilikuwa miepesi kama ya winga, na mwenyewe amesema soka ndiyo iliyomfundisha.

Mutombo alizaliwa Kinshasa, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari. Alikuwa mlinzi bora wa NBA mara nne, na bloku zake 3,289 zinamweka wa pili nyuma ya Olajuwon. Kila alipozuia mpira alitikisa kidole, kama mzazi anayemkataza mtoto. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 58.

Hatuwezi kumsahau Manute Bol, Mdinka kutoka Sudan, mwenye mita 2.31. Alimaliza NBA akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599. Ni jambo la nadra kumkuta mchezaji aliyezuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga.

*Shaquille O'Neal.* Mita 2.16 na mwili wa trekta. Aliipa Los Angeles Lakers ubingwa mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002, akiwa mchezaji bora wa fainali mara zote tatu, kisha akaongeza mmoja na Miami Heat mwaka 2006. Udhaifu wake ulikuwa mitupo ya adhabu: alipata zaidi kidogo ya nusu tu. Wapinzani walimchezea rafu kwa makusudi ili apelekwe kwenye mstari.

*Nikola Jokić na Joel Embiid.* Jokić wa Serbia alichaguliwa wa 41 katika drafti ya 2014, wakati watu wengi hawakumjali. Haruki juu, hakimbii sana, lakini anaona uwanja mzima na kugawa pasi kama namba moja. Alikuwa mchezaji bora wa msimu 2021, 2022 na 2024, na aliipa Denver Nuggets ubingwa wake wa kwanza mwaka 2023. Mwaka huohuo wa 2023 tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Embiid, mzaliwa wa Yaoundé, Kamerun, aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15.

Na Hasheem wetu?

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Ana mita 2.21, maana yake milango mingi ya nyumba zetu inamlazimu ainame. Naye alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Akapata nafasi ya kusoma Marekani, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alizuia mipira zaidi ya 400 katika misimu mitatu, akawa mlinzi bora wa kanda yao mara mbili, 2008 na 2009, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vyote mwaka 2009.

Mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kicheko kinaanzia hapa, kwa sababu nyuma yake walichaguliwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Hasheem alicheza michezo 224 akiwa na Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, kwa wastani wa pointi 2.2. Mara yake ya mwisho NBA ilikuwa msimu wa 2013–14. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, na akaonekana tena na klabu za Dar es Salaam.

Je, alishindwa? Tuangalie kwa haki. Alifika Memphis akimkuta Marc Gasol, aliyekuwa senta tegemeo, kwa hiyo msimu wa kwanza alipata takribani dakika 13 tu kwa mchezo. Alikuwa na urefu na bloku, lakini mbinu za kufunga akiwa ameupa mgongo ubao zinahitaji miaka mingi ya kufundishwa. Embiid na Olajuwon nao walichelewa kuanza wakafika kileleni, kwa hiyo kuchelewa peke yake si jibu. Lakini kumpima kijana aliyetoka viwanja vya Dar es Salaam kwa kipimo cha Curry, aliyelelewa na baba aliyecheza NBA, ni kupima magunia bila kutaja mvua. Hasheem si senta bora wa nyakati zote. Ni Mtanzania aliyefika mahali ambapo hakuna wa kwetu aliyekuwa amefika.

Uamuzi wetu

Tumetumia mizani tatu: ushindi, ubora binafsi, na kudumu kwa muda mrefu.

- Kwa ushindi, ni Bill Russell. Ubingwa 11 hauna mjadala.
- Kwa namba za mchezo na msimu mmoja, ni Wilt Chamberlain.
- Kwa senta anayejua kushambulia na kulinda kwa kiwango kimoja, ni Hakeem Olajuwon.
- Kwa kuibadilisha kazi ya senta katika zama hizi, ni Nikola Jokić.
- Kwa mizani zote zikijumlishwa, tunampa Kareem Abdul-Jabbar. Alishinda akiwa kijana mwaka 1971, akashinda tena mwaka 1988 akiwa na miaka 41.

Kwa mzazi na mwalimu mwenye mtoto mrefu

Tunamalizia na ninyi mnaoishi kuzunguka Mlima Meru, kwa sababu watoto warefu tunao. Wengi wao wanaitwa "mlingoti" au "twiga" hadi wanatembea wamejikunja mabega. Mambo matatu yanaonekana katika maisha ya masenta wote hawa.

Mosi, urefu hufungua mlango tu. Miguu na akili ndizo zinazomweka mtu ndani. Kama shule haina ringi, mtoto acheze soka, adake golini, aruke kamba. Olajuwon alianzia huko.

Pili, asiachwe asimame chini ya ringi tu kwa sababu ni mrefu. Afundishwe kudunda mpira, kutoa pasi na kutupa mitupo ya adhabu kama wenzake wafupi. Tofauti ya Jokić na masenta wengi iko hapo.

Tatu, shule isiachwe. Hasheem, Mutombo na Olajuwon wote walipitia vyuo vikuu. UMISSETA ina mpira wa kikapu, na ni moja ya mahali ambapo mtoto wa kijijini anaweza kuonekana. Lakini huwezi kucheza UMISSETA kama hauko darasani.

Je, mnakubali uamuzi wetu kuhusu Kareem? Tutumieni ujumbe, mtaje senta wenu na sababu zenu. Tutausoma ubishi wenu hewani katika kipindi cha michezo.