Kimondo cha Mbale

Kimondo cha Mbale ni kimondo cha mawe kilichoanguka Mbale, mashariki mwa Uganda, alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992. Ni kondraiti ya kawaida (aina ya kimondo cha mawe) ya kundi L5/6, yenye chuma kidogo. Mwamba wake uliwaka kwa joto la mgandamizo wa hewa, ukapasuka angani kwa ngurumo, na vipande vikatawanyika katika eneo la takriban kilomita 3 kwa 7. Vilivyopatikana vina jumla ya kilo 150 hivi. Kikubwa zaidi kina kilo 27.4. Kipande cha gramu 3.6, kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba, kilimgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi. Matukio ya vimondo kumgonga binadamu yaliyothibitishwa ni machache mno duniani.